Siku Thelathini za Bure

Kaunta buku langu la kwaya tatu limejaa.
Jalada nimelivika kitambaa cha sare za Pasua,
kipande kilichobaki mwaka ule walipobadili rangi.
Kwenye mstari wa mwisho nimebanabana:
vifungo, elfu nane.

Gadiel, mtoto wa kaka,
kamaliza uhasibu pale Ushirika, ajira bado,
akasema, Shangazi, siku hizi hesabu zinakaa mawinguni.

Nikatoka nje ya fremu, nikatazama juu.
Mawingu ya Moshi nayajua:
yataficha Kibo juma zima,
kisha alfajiri moja yakuachie mlima wote
kama vile hayakuwahi kukunyima kitu.
Nani aweke hela yake huko?

Lakini jaribio lilikuwa bure, siku thelathini.

Programu ya kwanza ilitaka dola kila mwezi.
Ikauliza biashara yangu ni ya aina gani,
ikanipangia: ushauri, usanifu, mgahawa, nyingine.
Miaka ishirini na miwili juu ya cherehani,
nikabofya "nyingine".
Tuliifuta kabla chai haijapoa.

Ya pili, sikatai, ilikuwa na akili.
Ilijua shilingi. Ilimeza miamala yangu ya simu
ikatema duara la rangi,
na ndani ya duara nikaona
kumbe uzi unanila kuliko kodi ya fremu.
Sikuwahi kujua. Nikaipenda kama mtu anavyopenda
fundi mgeni anayeshona haraka.
Nikaipa wadeni wote wa Januari,
majina arobaini na moja, na namba zao.
Haikuniuliza lingine.

Jumamosi tulikuwa Uru, tunamzika baba Aikande.
Padri kanyunyiza maji, vijana wameshika makoleo,
simu ya mjane ikalia ndani ya kitenge.
Akaitoa. Tangu asubuhi
rambirambi zilikuwa zinaingia kwa njia hiyo.
Akasoma.
*Ndugu mteja, umechelewa siku 47.
Lipa shilingi 62,000 kuepuka usumbufu.
Asante kwa kutuchagua.*
Chini yake, jina langu.

Alinitazama ng'ambo ya kaburi.
Afadhali angenitukana.

Usiku nilipekua kaunta buku kwa tochi ya simu
hadi nikamkuta, mwandiko wangu umelala upande:
Mama Aikande. Sketi mbili, sweta moja. 62,000.
Mzee kalazwa KCMC.
Nisidai.

Duara lile lote la rangi,
na hakuna pembe ya kuliweka neno hilo.

Jumatatu Gadiel hakujua aangalie wapi.
Alikuja na ya tatu, huku akiomba radhi kwa niaba yake:
rangi ya maji ya kuoshea vyombo, nzito kufunguka,
ila umeme ukikatika haisahau,
na karatasi za TRA inatoa.
Elfu kumi na tano kwa mwezi.
"Haina duara, Shangazi."
Nikauliza, inatuma meseji?
"Hadi uiambie."
Na hiki kisanduku mwishoni mwa jina la mdeni?
"Hicho? Maelezo. Si lazima kujaza."

Akaanza kunihesabia inavyokosa,
na alikuwa na haki, somo lake analijua.
Ile ya pili ingenionyesha faida ya kila sketi.
Nikamwambia, ilipie hii.

Nimeingiza majina upya, kidole kimoja kimoja,
mbele yangu foleni ya suruali za darasa la kwanza.
Arobaini yalikwenda upesi.
Kwa la arobaini na moja niliinuka,
nikaenda kununua uzi ambao sikuuhitaji,
nikarudi.

Kisanduku kinabeba herufi mia tu.
Nikaandika: nisidai.
Kwa wino mdogo wa kijivu mashine ikanijulisha
zimebaki tisini na tatu.